Shuka Kati Yangu na Babu Yako

Bupe mwanangu,

Kuna kikohozi ambacho hakijatoka masikioni mwangu. Ni cha babu yako, mzazi wa marehemu baba yako: mara mbili, kikavu, halafu kimya kifupi. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Wazee wa Kinyakyusa hukohoa hivyo wakikaribia mahali alipo mke wa mwana wao, ili mwanamke apate nafasi ya kujificha. Mke wa mwana hatakiwi kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake, wala kuketi naye chumba kimoja, wala kulitaja jina lake. Wewe umekua ukiyaona haya bila kuelezwa. Tukienda Rungwe mimi hupitia nyuma ya migomba, wewe hupita mbele uwanjani, na hujawahi kuniuliza kwa nini.

Nilikisikia kikohozi hicho mahali ambapo sikukitarajia kabisa, na kwa sababu yake kesho unapanda basi la Iringa. Nataka ujue ilivyokuwa.

Ninaandika mchana huu ukiwa kwa Mama Eliza unasukwa nywele. Mambo ya sabuni, ya soksi, ya kumwamkia mama mkubwa Yustina kabla ya kunywa chai, sitayaandika. Dada yangu amelea wanne huko Iringa, pale Ipogolo, na hahitaji maelezo yangu. Nitaandika yale ambayo yeye hawezi kukuambia kwa sababu hayajui, na mengine ambayo nilitakiwa kukuambia mimi kwa mdomo wangu nikashindwa.

La kwanza ni hili. Nilikuambia kidonda changu ni jipu. Si jipu. Ni saratani ya titi. Kivimbe nilikigusa nikiwa naoga, wiki moja kabla ya mitihani ya darasa la saba, nikajiambia nitakwenda hospitali mitihani ikiisha. Mitihani ikaisha, ukaja mkutano wa walimu, yakaja madarasa ya jioni ya watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma. Mwaka mzima nilikuwa na sababu nzuri. Mtu aliyesoma ana hatari hiyo, Bupe: anaweza kujiandalia sababu zilizopangika vizuri hata yeye mwenyewe akaziamini. Bibi asiyejua herufi moja angeogopa mapema kuliko mimi, akaenda.

Nilipofanyiwa upasuaji nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Daktari alinipa barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam, nikaenda, nikakaa wiki sita, nikarudi. Ndipo ulipoishi kwa Mama Eliza ukidhani niko semina. Mwezi wa tatu baada ya kurudi, kidonda kilifunguka tena.

Shuleni hawakunifukuza. Hakuna aliyenitamkia neno baya. Ila kikombe changu cha chai kilianza kubaki peke yake upande mmoja wa meza ya walimu, na nikiingia mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye tulisoma naye chuo, alikuwa ananiambia "pole" kila asubuhi huku tayari amekwisha kunipita. Nikawa nafundisha, narudi nyumbani, nafunga mlango. Ukungu wa Mbeya unaujua, unavyoshuka kutoka mlimani mpaka unadhani mji umehamishwa na watu hawakukuaga. Nilikaa hivyo miezi mingi. Nilikuwa na wewe tu.

Hapo ndipo penye kosa langu kubwa, na ninaliandika bila kulipunguza. Nilikufanya mwenzangu. Ulikuwa na miaka kumi. Ulichemsha maji, ulifua vitambaa vya kidonda, ulivianika ndani ili majirani wasivione, bila mimi kukuambia uvifiche. Siku ambazo sikuweza kuinuka ulibaki nyumbani, na mimi, mwalimu, nilichukua kalamu nikakuandikia ruhusa: "Mwanafunzi anaumwa." Hukuwa unaumwa. Niliandika ruhusa kumi na moja, na mwalimu wako aliziamini kwa sababu niliziandika mimi. Nilikuwa nikijiambia unanisaidia. Ukweli ni kwamba sikutaka kubaki peke yangu ndani ya chumba kile, na nilikuwa tayari usijue kugawanya desimali kuliko nibaki peke yangu.

Aliyenitoa chumbani ni Sista Adelina, muuguzi wa hospitali ya misheni, yule Mbena mrefu anayetembea kama amechelewa. Nyuma ya wodi kuna nyumba ya matofali ambayo zamani ilikuwa ghala la mahindi. Kila Jumatano wanakusanyika pale watu wenye maradhi ambayo hayaponi. Watu wanaiita Nyumba ya Jumatano. Unafika saa tatu, unasafishwa kidonda, unapewa kikombe kidogo cha dawa chungu ya maumivu, halafu unakaa. Ndivyo kulivyo. Kuna jiko, kuna mabenchi yenye mablanketi, kuna uji na viazi. Saa tisa unarudi kwako.

Siku ya kwanza nilikwenda na kitabu na madaftari ya kusahihisha, ili nionekane nina shughuli. Mzee mmoja aliyechimba dhahabu Chunya tangu ujana wake, mapafu yake sasa yamejaa vumbi la mwamba, alinitazama toka juu hadi chini. Wote wanamwita Mzee Chunya.

"Wewe ni mgonjwa au ni mkaguzi?" akaniuliza.

"Mimi ni mwalimu."

"Sikuuliza kazi."

Bibi mmoja aliyekuwa akimenya viazi, Bibi Tusekile, akaniambia kwa huruma, "Pole, mwanangu."

Mzee Chunya akanyoosha kidole mlangoni. "Kuni."

Bibi Tusekile akacheka, akaweka kisu chini, akainuka taratibu kwenda kuleta kuni. Ndivyo nilivyojua sheria ya nyumba ile: anayemwambia mwenzake "pole" analeta kuni. Mzee Chunya ndiye aliyeiweka. Alisema pole alizokwisha kupewa zinatosha kujaza shimo alilochimba miaka ishirini, na shimo hilo halijampa dhahabu bado.

Sijui kama utaelewa, lakini siku ile nilirudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nirudi kutoka Dar es Salaam. Pale hakuna aliyekwepa kikombe changu. Mtu akilia, wanamwacha alie, halafu wanamuuliza kama viazi viongezwe chumvi. Nilianza kuzisubiri Jumatano. Madaftari niliyaacha nyumbani.

Jumatano ya saba, au ya nane, nilikuwa nimekaa karibu na jiko, kitambaa cha kichwa kimenilegea, nikasikia nje kikohozi mara mbili. Kikavu. Halafu kimya.

Nilijua kabla sijafikiri. Nilipita mlango wa jikoni bila viatu. Bibi Tusekile aliniletea viatu vyangu barabarani, amevishika mkononi kama kuku.

"Unamkimbia nani?"

"Mkwe wangu yupo mle."

Yeye ni Mnyakyusa, hakuhitaji maelezo. Akaniambia babu yako ana uvimbe tumboni, amehamia kwa mdogo wake, huko Mwanjelwa, ili awe karibu na hospitali, na Sista amemwandikia aje kila Jumatano. "Amekonda sana," akasema. "Ila amekuja amevaa koti."

Sikurudi kwa majuma matano. Nilisema moyoni kwamba namheshimu. Nilikuwa ninamwogopa, na ili ujue kwa nini, lazima nikupeleke nyuma, siku niliyofika Rungwe kuolewa.

Mimi ni Mhehe. Kwetu Iringa mkwe anaheshimiwa sana, lakini sikukua na jambo hili la kujificha. Baba yako alikuwa amenieleza yote, kwa subira, kama alivyowaeleza wakulima habari za mbegu, maana kazi yake ya bwana shamba ilikuwa imemzoeza kurudia neno. Nilimsikiliza. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nina miaka kumi na nane, na niliamini mambo ya namna ile yanaendelea kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuyaacha. Tulipofika uwanjani, watu wamejaa, wazee wamekaa upande wao, sikuingia nyuma ya nyumba nilikoelekezwa na wanawake. Nilivuka uwanja nikaenda moja kwa moja kwa babu yako, nikamnyooshea mkono.

Hakuupokea. Aligeuza uso. Wanawake walinifunika kwa kanga wakanivuta kama mtoto aliyeangukia motoni. Baba yako hakunilaumu, ila jioni ile hakula. Ilibidi wazee wakae siku nzima kulitengeneza jambo lile. Tangu hapo, miaka yote, nilijua babu yako ananichukia, na mimi nikamwona ni mtu mgumu. Baba yako alipofariki, lori lilipoacha njia karibu na Chimala, wewe ukiwa na miaka mitano, tulilia pande mbili za nyumba moja, mimi ndani, yeye nje. Sikusikia sauti yake akiniambia neno. Wala mimi sikumtumia neno.

Ndiyo maana nilikimbia bila viatu.

Majuma yale matano yalikuwa mabaya. Nilirudia chumba changu na ukungu wangu. Ndipo nilipokuandikia ruhusa tatu za mwisho. Ya mwisho nilikuwa nimeanza kuandika neno "kutapika", ukiwa umesimama begani kwangu, ukaniambia, "Mama, safari hii andika malaria, kutapika tumeshaandika." Ulisema bila kucheka. Niliweka kalamu chini. Siku ile nilimwandikia mama mkubwa Yustina nikamwomba akuchukue, akajibu kwa posta ya kwanza: mlete, na wewe uje, nitawauguza wote.

Lakini mtoto wa marehemu ni wa ukoo wa baba yake. Singeweza kukupeleka Iringa bila neno la babu yako, na neno la babu yako singeweza kuliomba, kwa kuwa sikuruhusiwa kusimama mbele yake na sikuwa na mume wa kunisemea. Ningeweza kuandika barua. Nilijaribu mara nne, nikaona naandika kama mwalimu mkuu.

Sista Adelina alikuja nyumbani mwenyewe. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Kosa ni kuonana, au ni kusikiana?"

"Ni kuonana. Na kukaa chumba kimoja."

"Chumba nitakikata," akasema.

Jumatano iliyofuata nilikuta shuka la wodi limetundikwa kwenye waya kutoka ukutani hadi ukutani, katikati ya Nyumba ya Jumatano. Babu yako aliingia mlango wa mbele, mimi nikaingia mlango wa jikoni. Mzee Chunya aliweka benchi lake palepale mwisho wa shuka, ambapo aliona pande zote mbili.

"Leo tumekuwa bunge," akasema. "Upande huu unaunga mkono uji, upande huu unapinga."

Nilisikia babu yako akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ni kicheko cha baba yako, Bupe, kile kile kinachoanza puani.

Mazungumzo yakawa hivi: babu yako hasemi na mimi, anasema na Bibi Tusekile, na Bibi Tusekile ananirudishia maneno, ingawa nimesikia kila neno. Nami namjibu Bibi, naye anampelekea hatua mbili. Mwanzoni ilikuwa salamu tu.

"Muulize huyo mama kama ameamka."

"Anauliza umeamka."

"Mwambie baba nimeamka. Na yeye?"

"Anauliza na wewe?"

"Mwambie mimi ningekuwa sijaamka angesikia kilio."

Jumatano mbili zilipita kwa salamu. Ya tatu nilisema, "Bibi, mwambie baba naomba Bupe aende Iringa kwa dada yangu, asome. Mimi siwezi tena kumlea."

Bibi Tusekile alirudia. 

"Mwambie," babu yako akasema, "nilikuwa na mwana mmoja wa kiume. Huyo mtoto ndiye uso wake uliobaki. Akienda Iringa atakuwa Mhehe. Atatusahau hata jina la kijiji."

Bibi Tusekile akanigeukia. "Anasema atafikiri."

"Sikusema nitafikiri," babu yako akasema. "Mpe maneno yangu kama nilivyoyasema."

Bibi akanipa maneno yake kama alivyoyasema, kwa sauti ndogo. Alikuwa anasema kweli. Niliangalia shuka. Lilikuwa na alama ya chuma cha pasi pembeni. Kisha nilimweleza Bibi Tusekile habari za ruhusa, zote kumi na moja, na habari za vitambaa vinavyoanikwa ndani, na neno lako la malaria. Sikumwambia ayapeleke. Hakuyapeleka. Hakukuwa na haja.

Jumatano iliyofuata babu yako alichelewa. Alipofika alikaa muda mrefu akipumua. Halafu akasema, "Mwambie mwalimu: mtoto anayefua vitambaa vya kidonda hasomi. Nimekaa na ndugu zangu. Aende."

Bibi Tusekile alifungua mdomo anirudishie maneno, akashindwa, akaenda kuchochea moto.

Babu yako akaendelea, na safari hii hakuwa na wa kumtuma, akawa anasema na shuka tu. "Na siku ile ya uwanjani aliponinyooshea mkono, mimi sikukasirika. Niliutazama, nikataka kuupokea. Watu walikuwa wengi."

Mzee Chunya alinitazama upande huu, akatazama upande ule, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Miaka kumi na miwili, Bupe. Nilikuwa nimembebea mzee yule chuki ambayo hakuwa nayo, nikailisha, nikaijengea nyumba. Na sikuwa mjinga wala mvivu wa kufikiri, nilifikiri sana. Nilifikiri peke yangu, hilo ndilo kosa. Kama kuna kitu ninachotamani uchukue kwangu, ni kutokuniiga hapo. Una kichwa changu, naona unavyonyamaza ukiwa na jambo. Ukiwa Ipogolo ukaamini kwamba mtu fulani hakupendi, mama mkubwa au mwalimu au mtoto wa jirani, usikae na imani hiyo ndani peke yako mpaka iwe kweli. Muulize. Kama huwezi kumwuliza, mtafute wa kumwuliza kwa niaba yako. Unaweza kukosea bado, lakini hutakosea miaka kumi na miwili.

Babu yako amejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima kwao Rungwe. Aliniambia hivyo kupitia Bibi, kwa majivuno aliyojaribu kuyaficha. Anasoma herufi kubwa tu. Mwandikie kwa herufi kubwa.

Sasa nifike kwenye lile uliloniuliza mara tatu wiki hii, nami mara tatu nikakujibu kwamba tutaona. Uliuliza nitakuja lini Iringa. Mama mkubwa ananingoja na yeye. Amenitengea kitanda dirishani, unakoonekana mlima wa kwetu. Wahehe wenzangu wote wanatazamia kwamba nikizidiwa nitarudi nyumbani nikazikwe na wazazi wangu, na mwezi uliopita nami nilitazamia hivyo. Ningekuwa na wewe mpaka mwisho. Ningekuona kila jioni ukitoka shule.

Lakini ningekuwa nimehamisha chumba changu tu. Ungechemsha maji tena. Mama mkubwa angekukataza, ungeamka kabla yake. Ninakujua.

Na nimefikiria neno la babu yako kwamba utasahau. Alitoa mtoto wa pekee wa mwana wake wa pekee, na hakudai chochote, hata ahadi. Mzee yule anakufa, Bupe, kama mimi, na hakudai ahadi.

Kwa hiyo nimefanya hivi, na si jambo la kuombewa ushauri tena. Chumba chetu nimemrudishia mwenye nyumba kuanzia Jumamosi. Sista Adelina amenipa kitanda katika kile chumba kidogo kinachopakana na Nyumba ya Jumatano, sanduku langu limekwisha kupelekwa. Ndiyo maana asubuhi hukuliona ukadhani nimekupakia wewe. Shuleni nimeacha kazi kwa barua ya mistari mitatu. Mama mkubwa nimemwandikia kwamba kitanda cha dirishani ni chako.

Na jana, Jumatano, nilimwomba Bibi Tusekile amwambie baba kwamba sitazikwa Iringa. Nitalala Rungwe, kwenye uwanja wa nyumba yake, karibu na baba yako, ili uwe na sababu mbili za kurudi huko. Bibi alimwambia. Akauliza nataka upande gani wa mwanawe, wa juu kwenye migomba au wa chini kwenye njia, kwa sababu vijana wa ndugu zake wanapanda mahindi wiki hii na lazima waambiwe waache nafasi.

Nikamwambia wa chini, kwenye njia. Ukija utaniona kabla hujafika nyumbani. Leo asubuhi ametuma mtu aseme nafasi imekwisha kuachwa.

Mama yako